Kifungu Kinachobadilisha Vifungu Vingine

Katika kitabu cha masharti cha kila chama cha msingi cha kahawa huku mlimani Kilimanjaro kuna kifungu kinachokaa karibu na mwisho, ambacho wanachama wengi hawajawahi kukifungua. Ndicho kinachoeleza namna vifungu vingine vyote vinavyoweza kurekebishwa: nani analeta hoja, taarifa inatolewa lini, mkutano mkuu upitishe kwa kura ngapi. Kinaeleza pia kwamba hata baada ya mikono kunyooshwa na kuhesabiwa, maneno mapya hayana nguvu mpaka Mrajis wa Vyama vya Ushirika ayaandikishe. Nimeishi na kifungu hicho sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Nilianza kama karani wa mizani katika chama chetu huku juu Old Moshi, nikamaliza nikiwa katibu, na majalada ya mihtasari yamepita mikononi mwangu kuanzia yaliyochapwa kwa taipureta hadi yaliyotoka kwenye kompyuta.

Historia ya kahawa ya Kilimanjaro husimuliwa kwa kuanzia kwenye miche ya mapadre wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, kisha bei zilizopanda na kushuka, kisha majina ya wakubwa. Ni historia ya kweli. Lakini ukitaka kujua ni nani hasa alikuwa na sauti juu ya kahawa hii katika miaka fulani, tafuta kanuni iliyorekebishwa miaka hiyo, halafu uulize ilisomwa mbele ya nani kabla haijapita.

Marekebisho yana lugha yake. Mtu haandiki kwamba tubadilishe habari za uanachama. Anaandika kwamba kifungu cha 6 kirekebishwe kwa kufuta maneno fulani na kuweka badala yake maneno fulani, au kwa kuongeza aya mpya mara baada ya aya ya (c). Bungeni wanaandika vivyo hivyo. Ikiguswa Katiba ya 1977, sheria huitwa ya mabadiliko ya Katiba, kama ile ya nane ya mwaka 1992 iliyoruhusu vyama vingi. Zikiguswa sheria nyingi za kawaida kwa mkupuo mmoja, huitwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali. Jina hilo la pili lisikupite hivi hivi, kwa sababu ndani ya hiyo “mbalimbali” mambo mazito hukaa jirani na koma zilizosahihishwa. “Anaweza kuuza” likifutwa likawekwa “atauza”, ukurasa unabaki unafanana na wa jana, ila mkulima aliyekuwa na hiari hana tena.

Huku mlimani kanuni zilikuwa zikirekebishwa kabla hazijaandikwa. Babu yangu alikuwa na zamu yake kwenye mfongo, mfereji unaotoa maji mtoni kule kwenye korongo na kuyashusha hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Kila mfongo ulikuwa na ukoo uliouchimba, na mzee wa ukoo huo ndiye aliyesimamia banio, nduwa ya kutunzia maji, siku za kuzibua na zamu za kumwagilia. Asiyefika siku ya kazi alitozwa mbege, pombe yetu ya ndizi, au zaidi ya mbege. Ukoo fulani ukiongezeka, au ukame ukibana, zamu zilipangwa upya, na zilipangwa na watu wenyewe wenye zamu, wakiwa wamekaa pamoja, kila mmoja akisikia saa zake zinaongezwa au zinapunguzwa. Lilikuwa baraza la wanaume peke yao. Mwanamke alitumia maji hayo kila siku lakini hakuwa na kauli kwenye zamu. Nitalirudia jambo hilo, kwa maana lilihama kutoka kwenye mfongo likaingia kwenye ushirika likiwa zima.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wachagga walipanda kahawa kwa wingi, wakihimizwa na Charles Dundas aliyekuwa mtawala wa Kiingereza hapa Moshi. Walowezi hawakupenda. Kenya wakati huo Mwafrika hakuruhusiwa kulima arabika, na walowezi wa huku walitamani kizuizi kama hicho. Mwaka 1925 wakulima wakajibu kwa kuunda Kilimanjaro Native Planters Association, rais wake Joseph Merinyo, mtu wa huku kwetu Old Moshi. Chama kile kilipigana na wadudu na magonjwa ya kahawa, kilitafuta soko, na kilisimama mbele ya Serikali kusema kwa ajili ya wakulima. Kilikuwa chao, na hilo ndilo lililowakera watawala. Chini ya miaka 10 kikawa kimekwisha. Mwaka 1932 ikatungwa sheria ya vyama vya ushirika, kwa mfano wa sheria za India iliyokuwa chini ya Waingereza, na tarehe 1 Januari 1933 ikaanza Kilimanjaro Native Co-operative Union, yaani KNCU, meneja wake akiwa Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Watoto wetu wanafundishwa kwamba KNCU ni miongoni mwa vyama vikuu vya ushirika vya kwanza vya Waafrika barani, na wana haki ya kujivunia. Lakini napenda wajue na la mwaka wa pili wake. Ushirika kwa asili ni hiari: unajiunga, unanunua hisa, unaleta kahawa yako. Mwaka 1934 hiari hiyo iliondolewa, na haikuondolewa kwenye masharti ya ushirika. Ilipitia mlango mwingine kabisa. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa wamangi, yaani machifu wetu, uwezo wa kutoa kanuni kwa watu wao, na kwa uwezo huo ikatolewa kanuni kwamba kila Mchagga mwenye kahawa ataiuza kupitia KNCU. Kwenye kitabu cha masharti hakuna herufi iliyofutwa. Mwanachama angekisoma mwanzo hadi mwisho asione kilichobadilika, wakati asubuhi ile ile akikutwa anauza kahawa yake kwa mtu mwingine anavunja sheria.

Bei ziliposhuka na malipo ya wakulima yakapungua, hasira ilikuwa tayari. Mwaka 1937 vurugu zililipuka sehemu kadhaa za mlima, na stoo za vyama ndizo zilizolengwa. Serikali ilijibu kwa polisi na kwa karatasi: baadhi ya viongozi wa upinzani walihamishwa mbali na kwao, na mwaka huo huo ikatoka sheria mpya ya kudhibiti soko la kahawa ya Waafrika, ikazaa Bodi ya Kahawa ya Wenyeji wa Moshi. Lile lililokuwa kanuni ya wamangi likawa sheria ya Serikali. Wakubwa waliandika kwamba wakulima hawakuuelewa ushirika. Mimi nadhani waliuelewa vizuri sana. Walijua uzito wa kuulizwa, kwa maana katika chama chao cha 1925 walikuwa wanaulizwa.

Kwenye siasa mambo yalikwenda kwa mwendo huo huo, ila kwa kelele zaidi. Mwaka 1946 Waingereza waliwaweka wamangi wengi wa mlima chini ya wakubwa watatu: Abdiel Shangali upande wa Hai, Petro Itosi Marealle upande wa Vunjo, John Maruma upande wa Rombo. Wananchi hawakuukubali mpango huo kimya kimya. Mwaka 1949 ukaundwa Umoja wa Raia wa Kichagga wa Kilimanjaro, wenyewe wakiuita KCCU kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, chini ya Petro Njau na yule yule Merinyo wa kahawa, na dai lao kubwa lilikuwa kiongozi mmoja atakayechaguliwa na Wachagga wote. Walishinda. Mwanzoni mwa 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu kwa kura. Halmashauri ya Wachagga ikapata bendera, gazeti lake, Komkya, na sikukuu yake kila Novemba.

Wazee walionifundisha kazi walikuwa vijana wakati ule, na waliniambia kwamba ugomvi ulianza na swali dogo ambalo katiba ya 1952 haikulijibu kwa namna iliyowaridhisha wote: Mangi Mkuu anakaa mpaka lini? Wapo waliosema ni wa maisha, ndio maana ya mangi. Wapo waliosema aliyechaguliwa lazima achaguliwe tena. Mwishoni mwa miaka ya hamsini Solomon Eliufoo na wenzake walikuwa wamegeuza swali hilo kuwa chama cha siasa, na Februari 1960 likapelekwa kwa wananchi: abaki Mangi Mkuu, au awepo rais wa Halmashauri anayechaguliwa kwa muda maalumu? Kura kama 22,000 zilitaka rais, kama 5,000 zikamtaka Mangi Mkuu. Eliufoo akawa rais wa Wachagga, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Elimu.

Naitazama kura ile kwa heshima kubwa. Watu walikuwa wamemtaka Mangi Mkuu kwa nguvu zao zote, na baada ya miaka minane wakaiandika upya katiba yao bila kumwaga damu. Najua pia haikudumu. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilifuta sheria ya machifu nchi nzima, na uchifu ukaisha kisheria kuanzia pwani hadi ziwani. Marealle alikuwa ameipeleka Halmashauri mahakamani kudai haki zake kwa kuondolewa kazini. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria iliyozima madai ya namna hiyo ya waliokuwa machifu. Sikuwa upande wa Mangi Mkuu, na nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa upande wake. Hata hivyo sheria inayorudi nyuma kumfungia mtu mlango wa mahakama ni ya namna ambayo mwenyekiti yeyote wa mkutano mkuu angeikataa kama ingeletwa kwenye ajenda ya chama cha msingi. Huwezi kurekebisha kifungu leo kisha ukasema kilikuwa hivyo juzi, siku mtu alipokifuata.

Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, KNCU kikiwemo. Kijiji, kwa sheria ya vijiji ya 1975, ndicho kilichohesabiwa kuwa ushirika, na juu yake ikaja Mamlaka ya Kahawa. Baba aliendelea kupeleka kahawa kwenye stoo ile ile, ikapimwa na mizani ile ile, ila stakabadhi ilikuwa na jina jingine, na malipo ya pili yakawa hadithi ya kusubiri. Nilipokuja kuajiriwa nilikuta jalada la chama lina mihtasari mpaka mapema 1976, halafu kurasa tupu, halafu mihtasari inaanza tena katikati ya miaka ya themanini, karatasi ikiwa ya aina nyingine. Miaka ile ya katikati hakuna marekebisho yoyote kwa sababu hakukuwa na masharti ya kurekebisha.

Sheria ya ushirika ya mwaka 1982 ndiyo iliyofungua tena mlango. KNCU kiliporudi, kilirudi kwa jina la KNCU (1984) Ltd. Wageni huuliza ule mwaka kwenye mabano unatafuta nini pale. Ni kwa sababu mbele ya sheria kile cha 1933 kilikufa, na hiki ni kingine. Jengo ni lile lile mjini Moshi, wakulima ni wale wale au watoto wao, lakini uzi wa kisheria ulikatwa, na kovu wakaliandika kwenye jina. Naona walifanya vizuri kuliandika.

Sasa naja kwenye miaka niliyoishi mwenyewe kazini. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha sheria ya kurekebisha sheria za bodi za mazao. Kwa jina ni jambo la wanasheria na makabati yao. Matokeo yake yalifika kwetu msimu wa 1994/95 yakiwa juu ya magurudumu: magari ya wanunuzi binafsi yakiwa yameegeshwa njia panda, mizani imening'inizwa kwenye tawi la mti, fedha taslimu mkononi. Chama kilikuwa kinalipa malipo ya awali, na yanayobaki baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi. Mama mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hawezi kusubiri mnada. Sikumlaumu hata mmoja aliyewauzia. Lakini mzigo wa chama ulipungua, na gharama za stoo, mlinzi na karani zikabaki pale pale zikigawanywa kwa kilo chache, hivyo makato kwa kila kilo yakapanda, na makato yalipopanda wakaondoka wengine.

Basi lile neno la 1934, kwamba kahawa yote ipitie ushirika, lililowatoa watu majumbani na fimbo mwaka 1937, ndilo hilo liliondolewa miaka ya tisini, na nikawasikia wajukuu wa wale wenye fimbo wakilililia. Mzee mmoja alisimama kwenye mkutano wetu akasema baba yake alikuwa miongoni mwa walioandamana kuipinga kanuni ile, na sasa yeye anaiomba irudi. Sikuona kwamba anamkana baba yake. Wote wawili walikuwa wanalalamikia kitu kimoja: kukuta asubuhi kwamba jambo lako limeamuliwa, na hakuna aliyekupa taarifa.

Ni katika kipindi hicho kigumu ndipo chama chetu kilifanya marekebisho ninayoyathamini kuliko mengine yote niliyoyaandika kwa mkono wangu. Masharti yalisema mwanachama awe mtu mzima “mwenye shamba la kahawa” ndani ya eneo la chama. Hayakutaja mwanamume wala mwanamke. Lakini kihamba kwa mila yetu hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, wa kwanza akipata chake na kitinda mimba akibaki na boma la baba, kwa hiyo mwenye shamba alikuwa mwanamume bila kifungu kusema. Ndizi zilikuwa za mama, kahawa ya baba. Mama yangu aliichuma, akaimenya, akaiosha, akaianika chanjani na kuiondoa mvua ikitishia, akaibeba kichwani hadi kwenye mizani, halafu mimi binti yake nikaiandika kwa jina la marehemu baba, kwa sababu kitabu hakikuwa na nafasi ya jina la mama.

Hoja ililetwa na mjane mmoja aliyekuwa anauzia kahawa kwenye kadi ya shemeji yake, na fedha zikawa zinamfikia zikiwa zimepungua njiani. Tuliiandika kwa lugha inayotakiwa: kifungu cha uanachama kirekebishwe kwa kufuta maneno “mwenye shamba la kahawa” na kuweka badala yake maneno “anayelima kahawa”. Tukaibandika kwenye mlango wa stoo mapema, msimu ukiwa umepamba moto, ili kila anayeleta gunia aione. Jumapili ikatangazwa kanisani. Watu walikuja mkutanoni wakiwa wameshagombana nayo nyumbani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Niliisoma mara mbili kwa Kiswahili, kifungu cha zamani kwanza, kisha kipya, na mwenyekiti akaieleza kwa Kichagga kwa ajili ya wazee. Mzee mmoja aliyeheshimiwa sana akaomba nafasi. Alisema, “Mama Katibu, kihamba kimoja kikiwa na kadi mbili, siku ya ugomvi tutauliza kadi ipi? Na nyumba moja itapiga kura mbili?” Lilikuwa swali la haki. Mjane akamjibu kwamba yeye ana mikono yake na jembe lake, na kilo zake zinapimwa peke yake. Wakajibizana hivyo kwa adabu, yeye akimwita Baba na mzee akimwita Mama Fulani kwa jina la mtoto wake mkubwa, mpaka mzee mwenyewe akatoa pendekezo: yaongezwe maneno “na kuuza mazao yake kupitia chama”. Hapo kura ingefuata kahawa iliyoletwa mizanini, na mtu asingeweza kujiandikisha kwa ajili ya kujaza mkutano tu.

Hayo huitwa marekebisho juu ya marekebisho, na yana utaratibu wake: unapiga kura kwanza juu ya pendekezo la ndani, likipita linaingia kwenye hoja, ndipo unapiga kura juu ya hoja nzima. Wengi hulikosea hili, wakapiga kura moja ya jumla, na baadaye hakuna anayejua ni maneno gani yalipita. Tulipiga ya mzee, ikapita. Tukapiga ya mjane ikiwa na maneno ya mzee ndani yake, ikapita kwa zaidi ya theluthi mbili. Mzee alinyoosha mkono mara zote mbili. Mihtasari ikashuka kwa afisa ushirika wa wilaya, ikaenda kwa Mrajis, ikakaa, na iliporudi ilikuwa na muhuri. Nikachapa kifungu kipya kwenye ukanda wa karatasi, nikaubandika kwa gundi juu ya cha zamani katika kila nakala tuliyokuwa nayo. Kisha nikafungua rejista nikaandika jina la mama yangu, tarehe, kiingilio na hisa. Kuanzia siku hiyo stakabadhi zake zilikuwa zake.

Baadaye, mwaka 1999, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji inayosema mila ikimnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, mila hiyo haina nguvu. Ni sheria nzuri na naitetea popote. Lakini nimeona vihamba ambako haijafika bado, na nimeona chama chetu ambako ukanda wa karatasi ulifika mapema zaidi, kwa sababu waliokuwa na la kupoteza walikuwa chumbani, wakauliza, wakajibiwa, na mmoja wao akaweka maneno yake ndani.

Mwaka 2018 Serikali ilielekeza kahawa ya wakulima ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika, ambavyo siku hizi tunaviita AMCOS, na wanunuzi binafsi wakaondoka vijijini. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilifurahi, kwa sababu nilijua makato kwa kilo yatashuka mzigo ukirudi. Nilihuzunika pia, kwa sababu kwa mara nyingine neno lile lile lilitushukia kama agizo, katikati ya maandalizi ya msimu, nasi tukalisikia redioni kabla ya kulisikia mkutanoni. Chama kinachopewa kahawa kwa amri kinasahau haraka kuitafuta kwa huduma. Nasema hivyo nikiwa mtu wa ushirika tangu ujana.

Kuna jambo moja lililonipa moyo. Tangu 1932 sheria za ushirika zilizotufunga ziliandikwa kwa Kiingereza, na sisi makatibu ndio tuliokuwa daraja. Tulieleza kadiri tulivyoelewa, na pale tusipoelewa mwanachama hakuwa na njia ya kujua. Mwaka 2021, kwa marekebisho ya sheria mbalimbali, yale yale yenye jina lisilovutia, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kutafsiri zilizopo ni kubwa. Lakini kijana aliyechukua kiti changu anaweza kudai kifungu kwa lugha anayosomea gazeti, na mwanachama naye anaweza kumdai yeye.

Nilipomkabidhi ofisi nilimwonya juu ya kitu kimoja zaidi hata ya fedha: ile ajenda ya mwisho inayoitwa mengineyo. Watu wakiwa wamechoka, mvua inanukia, akina mama wameshanyanyuka kwenda kukamua, ndipo mtu husimama na kusema kuna jambo dogo tu kwenye kifungu fulani. Katika chama kimoja nilichowahi kukisaidia, muda wa bodi kukaa madarakani uliongezwa hivyo, jioni, kwa mikono iliyobaki ukumbini, na ilichukua misimu kuuondoa. Marekebisho hayaingii kwenye mengineyo. Yasipokuwa kwenye taarifa ya mkutano, yasisomwe.

Mwaka huu kuna hoja kwenye chama chetu juu ya mrithi wa mwanachama. Kifungu cha sasa kinasema hisa na uanachama wa marehemu vitakwenda kwa mtu aliyemteua kwa maandishi, na kama hakuteua, kwa anayetambuliwa na ukoo. Wanachama wengi hawateui, ukoo unakaa, na ukoo bado unamtazama kitinda mimba wa kiume. Hoja inataka maneno “anayetambuliwa na ukoo” yafutwe, na badala yake yawekwe maneno yanayompa nafasi ya kwanza yule aliyekuwa akilihudumia shamba hilo na marehemu, awe mke, binti au mwana. Imebandikwa mlangoni, cha zamani kushoto na kipya kulia. Wapo wanaoipinga kwa sababu nzuri: nani atathibitisha nani alihudumia? Nadhani daftari la mizani linaweza kujibu sehemu kubwa ya swali hilo, maana linaonyesha nani alileta kahawa na lini, na nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kupendekeza liongezwe ndani ya kifungu. Hoja ikipita nikiwa hai, nitaomba uanachama wa mama uhamishiwe kwa mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyebaki na miti ile.